Mke Mwenzangu wa Mabomba

Mume wangu hakuniolea mke wa pili, Mungu amrehemu, lakini ukewenza naujua. Mke mwenzangu alikuwa kinanda. Tena si kinanda cha kuweka mapajani mtu akaenda nacho harusini, la! Kinanda cha mabomba, cha kukaa ndani ya jumba la sinema, kikubwa kuliko nyumba yetu ya Edmonton, London, juu na chini. Kila Jumamosi asubuhi, iwe mvua iwe theluji, bwana anavaa suruali yake kuukuu, anabeba sanduku la spana, anapanda mabasi mawili kumwendea. Jioni anarudi ana vumbi kichwani na uso umenawiri kama bwana harusi. Mwanamke gani atavumilia? Mie nilinuna miaka ishirini na kitu, na kununa nakujua vizuri, nimefundishwa na mama yangu mzazi.

Hebu niseme kwanza kitu chenyewe ni kitu gani, maana hata mie nilichelewa kukijua. Zamani, filamu zilipokuwa bubu, wenye sinema hapa London walinunua kinanda kimoja kikafanya kazi ya bendi nzima. Mpigaji anakaa mbele ya watu, juu ya jukwaa dogo linalopanda kutoka chini ya sakafu, vitufe safu juu ya safu. Mabomba huyaoni. Yamefichwa katika vyumba viwili vya juu, kulia na kushoto, nyuma ya ukuta wenye nakshi, mamia kwa mamia, mengine marefu kupita mlango, mengine madogo kama penseli. Na humo humo mna ngoma, matoazi, kengele, honi ya gari, mpaka kifilimbi cha kulia kama ndege. Vyote hivyo vinaendeshwa kwa upepo, na upepo unapita kwenye vijivukuto vya ngozi nyembamba ya kondoo, kila bomba na chake. Ngozi ikikauka inapasuka. Hapo bomba linanyamaza, au linalia lenyewe bila kuguswa, kama mtoto mwenye chango.

Sinema nyingi za namna hiyo zimekwisha kuwa maghala na kumbi za bingo, na vinanda vyake vimeuzwa vipande vipande. Hivi vichache vilivyobaki vinatazamwa na wazee wa kujitolea, na vinaishi kwa michango ya watu. Ndio hao waliomchukua mume wangu.

Alikuwa fundi umeme wa gereji ya mabasi. Alikwenda pale jumbani mara moja tu kutengeneza taa. Lakini kwao Ng'ambo, Unguja, walikuwa watu wa taarab. Kaka yake alipiga kodiani katika kikundi, na yeye tangu kijana ndiye aliyekuwa akiziba mivukuto ya kodiani hiyo kila ikipasuka. Basi alipokuwa juu ya ngazi na taa zake akasikia upepo unavuja nyuma ya ukuta, akauliza, wakamfungulia mlango. Alinijia jioni macho yanametameta.

"Bibie, hawa Waingereza wana kodiani kubwa kama nyumba ya ghorofa!"

"Na mie nina mfereji wa jikoni unavuja tangu Shaabani," nikamjibu.

Mfereji aliutengeneza baada ya mwezi. Kile kinanda alikianza Jumamosi iliyofuata.

Ingekuwa Jumamosi peke yake ningesema haya, kila mwanamume na kilevi chake, afadhali huyu kilevi chake hakina harufu. Loo! Harufu ilinifuata mpaka jikoni. Vile vijivukuto alikuwa akivileta nyumbani ndani ya maboksi ya viatu, anavipanga juu ya meza yangu ya kulia, anakata ngozi kwa kisu chembamba, anaibandika kwa gundi ya moto. Gundi yenyewe ni ya kwato, lazima ichemshwe. Akachukua sufuria langu la uji. Sufuria la uji, jamani! Siku hiyo nilisema maneno ambayo majirani wa Kituruki hawakuyafahamu lakini walipunguza sauti ya televisheni wapate kusikia. Yeye akakoroga gundi yake, kisha akasema taratibu, "Hii ngozi ikibandikwa vizuri, bibie, itaimba miaka hamsini." Nikamwambia mie sitaishi miaka hamsini, nataka uji wangu leo.

Alinialika. Nisimsingizie. Kila tamasha lilipokaribia alinialika, na kila mara nilikuwa na nguo za kufua, au mgonjwa wa kumtazama, au kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuniuma. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku nitakayotia mguu mle ndani, nitakuwa nimeshindwa.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu, presha, siku mbili tu hospitali. Sikuwahi hata kumnunia vizuri mara ya mwisho.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, dirisha la mbele na lile basi la kwenda kwa mke mwenzangu linapita kila baada ya dakika kumi. Nguo zake nilizigawa. Sanduku la spana lilikuwa limebaki kule jumbani. Siku moja ikaja barua, imeandikwa kwa mkono, kutoka kwa mweka hazina wa wale wazee. Binti yangu akanisomea kwa Kiingereza, mie nikamwuliza kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea. Barua ilitoa pole. Halafu ikasema mwenye jumba ametoa kauli: kinanda kimeharibika nusu, kinamlia nafasi, na mashine ya upepo ni hatari. Kitengenezwe mpaka mwisho wa kiangazi au kitolewe. Kikitolewa hakuna pa kukiweka. Mabomba yatauzwa kama chuma chakavu na vijivukuto vitatupwa. Wataandaa tamasha la kuchangisha, na wangefurahi mke wa fundi akihudhuria.

"It's just a letter, Mum, you don't have to," binti yangu akasema, yaani ni barua tu, si lazima niende.

Mie nilikuwa natazama mikono yangu. Nikawaza vile vijivukuto vyote, boksi baada ya boksi, miaka yote ile, kila kimoja kimepita kwenye vidole vyake. Sina video ya mume wangu. Sauti yake iko kwenye simu, nusu dakika, anauliza kama tuna maziwa. Kilichobaki cha mikono yake kiko mle. Wakikitupa watakuwa wamemzika mara ya pili, na mara hii bila ya sanda. Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko, na hasira nazo zilikuwamo, maana hata akiwa kaburini huyu mke mwenzangu bado ananitoa machozi.

Nikampigia simu shemeji yangu Unguja, yule yule aliyekuwa mpiga kodiani. Siku hizi ni mtu wa msikitini, kodiani ameiacha. Nilikuwa na akiba ya kumtolea marehemu sadaka, na tulikuwa tumekwisha kubaliana kuchimba kisima. Nikamwambia nataka na kinanda nacho nikichangie.

"Shemeji, muogope Mungu," akasema. "Utampelekea ndugu yangu kinanda kaburini?"

"Na ile kodiani iliyokulisha ujanani, shemeji, aliyekuwa akikuzibia ni nani?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Kisima kwanza."

"Kisima kwanza," nikamkubalia. Na kisima kikachimbwa, alhamdulillahi, watu wanateka maji mpaka leo. Kilichobaki kilikuwa kidogo, nikakitia kwenye pochi.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikafukiza udi, nikavaa gauni langu la sikukuu na mtandio wa zari, nikamwambia binti yangu twende. Jumapili alasiri. Mlangoni wazee wameweka meza ya chai na keki, wenyewe ndio wauzaji, wenyewe ndio wafagizi. Wote mvi. Nilikuwa nimejitayarisha kuwachukia, na ikawa kazi, maana kila mmoja akisikia mie ni nani ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema jambo juu ya marehemu. Mmoja kaniambia ndiye aliyewafundisha kutia iliki kwenye chai. Nikaonja. Walikuwa wameijaza mno, lakini ni kweli iliki.

Mweka hazina, mzee mwembamba mwenye tai, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akatupeleka mpaka safu ya tatu, kiti cha pembeni.

"Hiki chako," akasema.

Nikamwambia tiketi yangu haina namba.

"Hiki hatukiuzi. Alituomba tukiweke kila tamasha, pengine utakuja."

Nikakaa nusu tako. Siwezi kueleza nilivyojisikia. Nilitaka kumgombeza mtu, na wa kumgombeza hayupo.

Taa zikapungua, sakafu mbele ikafunguka, na kinanda kikapanda taratibu kutoka chini na mpigaji wake amekaa, mzee mwenye viatu vyembamba vinavyong'aa. Halafu akagusa. Wallahi, sauti haikutoka mbele alikokaa. Ilitoka juu, kulia, nyuma, chini ya viti. Nilikuwa nimekuja na macho ya mke mwenza, ya kutafuta kasoro, na kasoro zilikuwepo: upande wa kushoto ulikuwa unakohoa, na kuna bomba moja liling'ang'ania kulia hata alipokwisha ondoa mkono. Lakini ule upande wa kulia, ambao ngozi zake zilikatwa na kubandikwa mezani kwangu, ulikuwa unaimba. Nikajikuta kichwa kinayumba. Sikukiruhusu.

Akapiga nyimbo zao, za kuchezea dansi zamani, watu wanapiga makofi kwa adabu, mara nne tano kisha basi. Kisha akageuka kwenye kiti chake akasema wimbo unaofuata hana noti zake, alifundishwa kwa kuimbiwa na rafiki yake fundi aliyekuwa juu ya ngazi, na anatuomba radhi mapema.

Nikaujua toka upepo wa kwanza. Taarab ya zamani, ya harusini kwetu. Nami nilikuwa bibi harusi ndani, nimepambwa, nausikia kutoka uani. Sasa yule mzee hana zile sauti za katikati, zile za fidla za kuteleza. Akifika kwenye kituo cha ubeti anakiparamia kama mtu anayeruka mtaro. Aliuharibu mahali pawili. Sikujali. Mwili wangu ulikwisha nyanyuka.

Mtu wa kwetu atanielewa. Kwenye taarab hukai tu ukasikiliza kama unasubiri daktari. Ubeti ukikuchoma unasimama, unatoa noti, unaishika juu, unakwenda kwa madaha mpaka mbele, unamtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu, ili kila mtu ajue ubeti huu ni wako. Na ukisimama weye, mwenzio naye anasimama, haikosi. Basi mie nikafungua pochi, nikatoa noti, mkono juu, mtandio begani, nikashika njia ya katikati, bega hili, bega lile. Nilisahau niko London. Nilisahau na umri wangu.

Mwanamke mmoja wa zamu akanikimbilia, akaninong'oneza, "Choo kiko upande ule, mpenzi." Nikampita.

Nilipofika kwa mpigaji ndipo nikaona taabu. Mwimbaji wa kwetu ana mkono wa kupokea. Huyu mikono yote miwili ina kazi, na miguu yote miwili nayo ina kazi, inakimbia juu ya vitufe vya mbao vya chini. Nitamtunza wapi? Sikuja mpaka pale kurudi na noti yangu. Nikaichomeka kwenye ukosi wa koti lake. Akashtuka, akakosea sauti moja, akanitazama, akacheka, na badala ya kumaliza akaurudia ubeti ule ule tangu mwanzo. Na hivyo ndivyo afanyavyo mwimbaji akitunzwa, anakurudishia ubeti! Nani alimfundisha? Nilijua nani alimfundisha.

Nikageuka. Uso kwa uso na ukumbi mzima. Watu wamekaa kimya, mikono mapajani, hakuna aliyesimama. Binti yangu amejifunika uso. Ule muziki ukaisha na mie bado niko njiani, na nyayo zangu zinasikika. Aibu, aibu! Nikasema moyoni, bibi wee, umemfedhehi marehemu mbele ya rafiki zake, miaka yote hukuja, umekuja kumtia haya. Na huku mweka hazina ananijia mbio na bahasha na kalamu. Ile noti, anasema, ingetiwa kwenye bahasha, na ningetia saini, serikali ingeongeza kidogo juu yake, ndio sheria ya michango. Mie natafuta mlango, yeye ananionyesha pa kutia saini.

Nikatia saini nikiwa nimesimama. Na wakati nainama, bibi mmoja mkongwe wa safu ya nyuma, mwenye kigari cha kutembelea, akasimama. Akaja polepole, kigari kinalia kwi kwi kwi. Akafika mbele, akamwambia mpigaji kitu, akamwekea bahasha yake ya mchango juu ya kinanda. Mpigaji akampigia kipande cha wimbo, pengine alichokitaka. Kisha akasimama mwengine nyuma yake. Na mwengine. Waingereza hawajui kuserebuka, masikini, lakini foleni wanaijua! Wakapanga mstari kati ya viti, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna anayemsukuma mtu, bahasha zimetiwa saini, kila mmoja anafika, anataja wimbo wake, anaweka, anapisha. Mzee mmoja alikuwa analia wazi wazi. Aliniambia baadaye kwamba wimbo alioutaja aliucheza na mkewe ukumbini mle. Tamasha likachelewa kwisha mpaka keki zikakauka.

Fedha zenyewe hazikutosha. Nisidanganye, mambo kama haya hayaishi kama ngano. Zilitosha mashine ya upepo na ngozi ya upande wa kushoto kwa kiasi, na mwenye jumba alipoona kazi imeanza kweli akawapa mwaka mwengine, na bado tunachangisha. Nasema tunachangisha. Nimo kwenye komiti sasa, na kazi yangu ni kuwaandikia watu barua. Binti yangu ananirekebishia Kiingereza na kucheka.

Lakini nilitaka kusema habari ya Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kufanya kazi. Nilipeleka kisu chake cha ngozi, nikidhani nitakunywa chai nirudi. Mweka hazina akaniuliza kama nina nusu saa. Wanataka kulinganisha sauti za mabomba, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anapanda ngazi ya chuma mpaka kwenye chumba cha juu, anagongagonga bomba mpaka sauti ikae sawa, na mwengine anakaa kwenye kinanda anabonyeza kitufe kimoja asikiachie, mpaka aambiwe hamia kingine. Hakuna ujuzi. Ni kukaa na kubonyeza. Nikakaa.

"Kabla yako nani alikuwa akibonyeza?" nikamwuliza, kwa kuzungumza tu.

Akaweka mguu kwenye ngazi, akafikiri. Akasema wao wengine miguu imechoka, hawapandi, na siku nyingi hawafiki, kwa hivyo marehemu alikuwa akifanya peke yake. Alikuwa akikunja kipande cha karatasi, anakichomeka pembeni ya kitufe kikae chini, anapanda ngazi, anarekebisha bomba, anashuka, anahamisha karatasi kwenye kitufe cha pili, anapanda tena. Hivyo hivyo, bomba baada ya bomba, Jumamosi nzima.

Nikaitazama ile ngazi. Ilikuwa imesimama wima ukutani, vidato vyake vimelika katikati. Na mie miaka yote ile usiku nilikuwa nikimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu na kumwambia ni baridi ya nchi hii.

Mzee akapanda. Kutoka juu akaniita, nikabonyeza. Sauti ikatoka, imepinda kidogo, kisha ikaanza kunyooka. Machozi yakanishuka na kamasi, nami sina mkono wa kujifutia, wa kushoto bado umeshika kisu chake, wa kulia uko kazini. Nililia nilivyolia, lakini kidole sikukiondoa, maana kule juu palikuwa na mtu anasikiliza.